Gauni Lililotazamwa kwa Mbali

Binti alipotangaza nyumbani kwamba mwaka wa tatu chuoni angesoma ujumi, shangazi yake alidhani ni jina la ugonjwa. Ikabidi aeleze: ni tawi la falsafa, linauliza uzuri ni nini, na nani ana haki ya kusema hiki kizuri na kile kibaya.

"Kwani uzuri nao unasomewa?" shangazi akauliza. "Mbona mimi ninao na sina cheti!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama yake hakucheka sana. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, na uzuri kwake ulikuwa kazi, si mzaha. "Mwacheni mwanangu," alisema. "Atanisaidia." Tangu siku hiyo akawa anamwita Profesa, na jina likamganda.

Msaada wenyewe ulikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Macho ya mama yalikuwa yanafifia, na hakuna aliyethubutu kulisema hilo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kunyamaza. Kila asubuhi aliita kutoka chumba cha mbele, "Profesa, njoo unitungie uzi," na binti aliacha kitabu, akaenda uso kaukunja, akatunga, akarudi. Wateja nao walikuwa wakipungua kwa adabu: huyu kasafiri, yule siku hizi ananunua za dukani. Mama alijua. Mtu hakosi kujua kazi inapomtoka mikononi.

Chuoni, mwalimu wa ujumi, mwanamke mrefu asiye na utani, alikuwa na zoezi lake. Kila mwanafunzi achague kitu, akitazame kana kwamba hakikutengenezwa na mtu yeyote na hakina faida kwa mtu yeyote. "Wekeni mapenzi pembeni," aliwaambia, "ndipo jicho litakapoona." Profesa alilipenda zoezi hilo kupita kiasi. Alilifanya kwa kikombe, kwa kiti, kwa viatu vya shangazi, ambavyo, Mungu amsamehe, havikufaulu. Ndivyo walivyo wanafunzi wa falsafa. Wakipewa kisu kipya hawaulizi ni cha kukatia nini.

Siku ya kuwasilisha insha yake mbele ya idara ilipokaribia, mama alimwita chumba cha mbele. Safari hii hakutaka uzi. Alisimama kashika gauni la zambarau, la mikono mirefu na kola ndogo. Alikuwa amelishona kwa siri binti akiwa chuoni, uzi akitungiwa na jirani.

"La siku yako hilo," alisema. "Niambie kweli, wewe ndiye msomi wa mambo haya. Ni zuri?"

Hapo ilihitajika akili ndogo tu, ile ambayo hata mtoto wa chekechea anayo. Lakini Profesa alirudi nyuma kidogo, akaweka mapenzi pembeni kama alivyofundishwa, akalitazama gauni kana kwamba limejiotea lenyewe.

"Rangi imetulia," akasema. "Ila mshono wa bega la kushoto umepanda, na pindo halikwenda sawa. Kwa jumla, mama, bado halijafika."

Mama hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alilipapasa bega la gauni kwa kidole, akiutafuta mshono ambao macho yake hayakuuona. "Ahsante," akasema. "Wengine wote wananificha." Kisha akaifunika cherehani kwa kitambaa.

Asubuhi yake binti alikaa na kitabu akingoja kuitwa. Hakuitwa. Akaenda mwenyewe chumba cha mbele, akatunga uzi kwenye kila sindano aliyoiona, akazichomeka kwenye kijimto cha mama.

"Mama, nimekutungia."

"Ahsante, mwanangu," mama akajibu kutoka jikoni, akiendelea kuosha vyombo.

Mwanangu, si Profesa. Sindano zikakaa hapo na nyuzi zao, siku baada ya siku.

Akaomba radhi. Akasema alikosea, kwamba gauni ni zuri. Mama akamshika shavu. "Usinionee huruma. Hilo jicho nimelisomesha mwenyewe, sasa nisiliamini?" Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya insha alilivaa. Alisoma vizuri, ingawa mkono wake haukubanduka kwenye bega la kushoto. Walipokuwa wakitoka, mwalimu alimshika kiwiko, akamtazama juu mpaka chini kwa lile jicho lake lisilompendelea mtu.

"Gauni zuri sana," alisema. "Hasa hapa begani, linavyopanda. Nani fundi wako? Nipeleke, anishonee na mimi."

Profesa aliuondoa mkono begani.

"Ni mama yangu," akasema. "Ameacha kushona."