Fyekeo na Mizambarau
Jumamosi ofisi yetu ilikwenda kusafisha chanzo cha maji nje kidogo ya Songea, sote tukiwa na fulana mpya. Tulifyeka majani yote, tukapiga picha.

Mama aliyekuja kuchota maji akatua ndoo, akaokota kijiti kibichi. "Huu mzambarau," akasema taratibu. "Walimu walipanda mingi hapa mwaka jana. Nimeimwagilia kiangazi chote."

Mkuu wetu alificha fyekeo nyuma ya mgongo. "Samahani, mama. Mwakani tutakuja kupanda mingine."

"Karibuni," akajibu, akijitwisha ndoo. "Ila mafyekeo muyaache hukohuko ofisini."

Picha tumeibandika mapokezi. Tumependeza kwelikweli, na nyuma yetu hakuna hata mche mmoja.