Firigisi ya Serikali ya Mseto

Siku redio ilipotangaza baraza jipya la mawaziri, wachimbaji wa dhahabu pale Nyankumbo Juu, nje kidogo ya Geita, walipiga mayowe na kupigana vikumbo utadhani wameteuliwa wao. Nyamizi peke yake hakucheka. Alisimama penye moshi wa jiko lake, mwiko mkononi, akisikiliza waziri wa chama cha Ngao akifuatiwa na waziri wa chama cha Taa, Ngao, Taa, Ngao, Taa, mpaka naibu waziri wa mwisho. Moyo ukamwambia: Nyamizi, umekwisha.

Asiyemjua angesema mama huyu ana roho mbaya. Nchi nzima imeshikana mashati tangu kampeni, uchaguzi mkuu umeisha bila chama chochote kuweza kutawala peke yake, watu wamelala na wasiwasi, halafu wakubwa wanakubaliana kuunda serikali ya mseto, na yeye ananuna! Lakini mwacheni. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kibanda chake cha chakula.

Kibanda kile kilikaa katikati ya machimbo, mahali tambarare, karibu na kisima. Maduara ya upande wa juu, yaani yale mashimo ya dhahabu, yalikuwa ya Bartholomeo, mwenyekiti wa tawi la Ngao. Ya upande wa chini yalikuwa ya Ngassa, katibu wa Taa. Kila mmoja alikitamani kiwanja hicho aweke karasha, mashine ya kusagia mawe. Bartholomeo akitaka kumhamisha Nyamizi, Ngassa anakuja juu: "Mama wa watu mtamwonea mpaka lini?" Ngassa akijaribu, Bartholomeo anasema maneno yale yale. Wala hakuna aliyempenda, tusidanganyane. Walichukiana tu, na chuki yao ndiyo iliyomlinda.

Sasa wakubwa wao wamepatana huko juu. Hawa wa huku chini watagombania nini tena?

Nyamizi hakuzaliwa na wasiwasi. Alizaliwa Kagongwa, kwenye mashamba ya mpunga, msichana wa kucheka hovyo, na Edward akamleta Geita akiwa na mimba ya Vumilia. Huyo Edward hakuwa mtu wa zawadi, hata leso hakuwahi kununua. Halafu siku moja akarudi na vitenge viwili vipya, akamwita "mke wangu mpenzi" mbele za watu. Nyamizi akafurahi, masikini, akazunguka kuwaonyesha majirani. Asubuhi yake Edward akaondoka kufuata dhahabu iliyosikika Chunya, na ndiyo mpaka leo. Tangu hapo, mwanaume akimtendea wema asiouzoea, Nyamizi hutazama kwanza kitakachoondoka. Kibanda alikijenga peke yake, nguzo kwa nguzo, bati kwa bati, na humo ndimo alimomlea Vumilia mpaka akaenda kusomea uuguzi Shinyanga.

Mawaziri walipokwisha kuapishwa, Bartholomeo na Ngassa wakatokea asubuhi wamepakizana kwenye bodaboda moja. Wachimbaji wakaguna.

"Mwangaluka, Mama Vumilia!" Bartholomeo akasalimia.

"Mwangaluka, wazee wangu. Karibuni."

"Tuchinjie jogoo mzima. Leo mimi na ndugu yangu Ngassa tunakula sahani moja."

Ndugu yangu! Juzi juzi tu alimwita fisi kwenye kipaza sauti, mama mzazi wa Ngassa anasikia.

Nyamizi akachinja, akanyonyoa, akachungulia kwenye upenyo wa mabati. Ngassa alikuwa anatembea kutoka kisimani hadi kwenye nguzo ya kibanda, hatua ndefu ndefu za mtu anayepima. Bartholomeo anaitikia kwa kichwa, anaonyesha kwa kidole, karasha ikae huku, mawe yamwagwe kule. Hawakuwa hata na aibu ya kusubiri kushiba. Hasira zikampanda Nyamizi, akampasua jogoo tumbo kwa pigo moja.

Ndipo akaiona firigisi.

Usukumani firigisi ni ya mwenye mji. Watoto hawaiombi, wanawake hawaigusi. Mama anaipika, anaiweka juu ya nyama, baba anaila, na kila aliyepo anajua mji huo ni wa nani. Hata pale kibandani ilikuwa hivyo hivyo: sahani moja, bosi mmoja, firigisi moja. Leo mabosi ni wawili. Nyamizi hakuikata. Akaiweka nzima, katikati kabisa, juu ya mapaja ya jogoo. Wacha tuuone huo mseto wenu, akawaza. Wakiigombania, nitapumua mwaka mwingine.

Sahani ilipotua mezani, mabenchi yote yakageuka kutazama. Bartholomeo akapeleka mkono, akaurudisha.

"Kula wewe, katibu."

"Mimi? Aka! Mwenyekiti mwenyewe upo."

"Wewe ni mgeni wangu leo."

"Na wewe umenitangulia kuzaliwa, kaka."

Hakuna aliyetaka kuiacha, lakini hakuna aliyetaka kusemwa kuwa ndiye aliyevunja umoja wakati hata Rais ameweza. Marwa, mchimbaji wa Tarime asiyejua kuziba mdomo, akapaza sauti kutoka nyuma: "Wazee, kateni basi! Au mpaka mtangaziwe redioni?"

Watu wakaangua kicheko. Bartholomeo akakunja uso, kwani nusu firigisi ni nusu ya mji. Jasho likamtoka Ngassa, halafu uso ukamchangamka.

"Jamani, tumpe Mama Vumilia! Si ndiye aliyetulisha kampeni nzima?"

"Umenena!" Bartholomeo akapiga makofi, mzigo umemtoka. "Chukua mama, ni yako kabisa. Kwa moyo mmoja."

Nyamizi akaviona vile vitenge viwili vya Edward. Akaviona na rangi zake. Safari hii hakufurahi, wala hakuzunguka kuonyesha majirani. Alifuta mikono, akavuta kigoda, akakaa, akaichukua firigisi akaitafuna taratibu mbele ya wote. Ilikuwa ngumu, chumvi imekolea. Alikuwa amewapikia wanaume firigisi maisha yake yote, na ladha yake ndiyo kwanza alikuwa anaijua leo.

Bartholomeo akasafisha koo. "Sasa mama, kuna kajambo kadogo. Hapa mahali..."

"Subiri, mwenyekiti, nimeze." Akameza. "Nyumbani kwenu Kahama, firigisi alikuwa anakula nani?"

"Si ni marehemu baba!"

"Kwa nini yeye?"

Ngassa akainamia sahani. Akajibu Marwa: "Kwa sababu ndiye mwenye mji!"

"Na hapa leo kala nani?"

Weee! Sahani zikagongwa, mabenchi yakapigwa mateke, mtu akapiga mluzi. Nyamizi hakutabasamu hata kidogo.

"Mmenipa wenyewe, kwa mikono yenu, kwa moyo mmoja, na watu wamesikia. Haya, hako kajambo ni kapi? Mwambieni mwenye mji."

Wale wawili wakatazamana. Usoni mwa kila mmoja ilisomeka kwamba akilitamka yeye, mwenzake kesho atalikana.

"Tulitaka kujua," akasema Bartholomeo, "kama chai ipo."

"Ipo."

Karasha ikaenda kukaa kando ya barabara, mbali na maji. Vumilia alipohadithiwa kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Umewashinda mama, sasa lala usingizi."

"Usingizi gani, mwanangu? Si bado wamepatana?"

Wakija mmoja mmoja, anawapikia chochote wanachotaka. Wakija wawili na kuagiza kuku, anawaambia kuku wameisha, hata kama majogoo wanawika nyuma ya kibanda na wao wanawasikia. Anawakaangia samaki, sato. Sato hana firigisi.