Mkwe na Banda la Ngozi

Kuna watu ninaowadharau na nimeshazoea kuwadharau. Mwalimu wetu yule bado sijamzoea, ingawa alikufa zamani na kaburi lake lina saruji.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nasomea ualimu karibu na Bungoma. Chama chetu cha mdahalo kilikuwa kimechoka kubishana kama jembe ni bora kuliko kalamu, tukaamua kufanya uchunguzi wa maana: kwa nini watu wanalala sokoni Kitale, na kifanywe nini wapate makao. Wazo lilikuwa letu wanafunzi. Mwalimu, mlezi wa chama na mzee wa kanisa, alilipenda sana, hasa aliposikia kwamba afisa wa ustawi wa jamii angekuja kusikiliza tuliyoyapata.

Likizo ilipofika, mimi na mwenzangu mmoja tukadandia lori la mahindi hadi Kitale. Watu wenyewe tuliwakuta kwenye banda la kuanikia ngozi, nyuma ya soko. Paa lilikuwa zima, na hilo ndilo lililowavuta. Mengine yote yalikuwa uchafu mtupu: mafuta yaliyoganda sakafuni, inzi, funza, uvundo unaobaki kooni hata ukinywa maji. Wengi walikuwa maskwota waliofukuzwa mashambani kwa walowezi trekta zilipokuja. Walilima huko miaka na miaka, wakaondoka na sufuria.

Kati yao alikuwamo mama mzee, ambaye tulimwita kukhu, yaani nyanya. Mumewe alichunga ng'ombe wa mzungu. Alipokufa, mzungu akakitaka kibanda chake. Shemeji zake wa Sirisia wakasema shamba limejaa. Alipoambiwa tunatoka shule gani, alijifunika uso kwa leso.

"Hiyo mwalimu yenu ni mkwe yangu," alisema. "Msimwambie mumeniona hapa. Ataona haya."

Tulimwambia tu, jioni ile tuliporudi. Nyumba yake ilikuwa ya bati, na hata zizi la ng'ombe wake wa maziwa lilikuwa la bati. Alitusikiliza akikoroga chai, kisha akasema anajua. Anajua! Akatukumbusha kwamba kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, wala hawakutani uso kwa uso, na kwamba mila hiyo si yeye aliyeitunga. Mkewe, binti wa yule mama, alikuwa amesimama mlangoni na birika. Aliliweka chini akaenda zake jikoni.

Mtu huyu alikuwa ametupa kila mila iliyomgharimu hata kuku mmoja. Matanga aliyaita ushenzi, na ngoma za tohara alizilaani madhabahuni. Katika mila zote za babu zetu aliokoa moja tu, ile iliyomwondolea sahani ya ugali ya mkwewe.

Babu yangu nilipomuuliza, alicheka sana. Mila inakataza paa moja, alisema. Kibanda chake mwenyewe pembeni, nyuma ya migomba, hakina neno. Tukampelekea mwalimu habari hiyo na tukajitolea kukijenga wenyewe, kwa udongo na nyasi, kabla ya mvua. Akasema tungoje kwanza afisa aje, maana watu wakianza kuhamishwa uchunguzi utaharibika.

Afisa alikuja msimu wa mvua ukiwa umeanza, tukaenda naye Kitale. Mwalimu alivaa tai, akashika kitambaa puani, akatutangulia kuonyesha soko kana kwamba yeye ndiye aliyelala humo. Mara ikanyesha kwa nguvu, sote tukakimbilia bandani. Kukhu alikuwa ameketi kwenye kona yake. Alimwona mkwewe akiingia, akavuta leso usoni, akachukua gunia lake, akatoka nje kwa upande wa pili.

Mwalimu alimwona. Najua alimwona, kwa sababu macho yake yalilifuata lile gunia mpaka nje. Kisha akasogea kwenye kona ile ile, palikuwa pakavu, akaendelea kumweleza afisa kwamba desturi za Mwafrika haziruhusu mzee akose makao. Afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikawaacha hapo, nikatoka nje kumfuata kukhu.

Kukhu alikuwa amesimama kando ya ukuta wa machinjio, gunia kichwani, maji yakimtiririka mpaka miguuni. Nilimshika mkono nimrudishe ndani. Alikataa. Mkwe wake yumo, alisema, hawezi kuingia mpaka atoke. Alikuwa akitetemeka. Nikabaki naye pale, sina la kufanya, tukisikia sauti ya mwalimu ikishindana na mvua juu ya mabati.

"Na yeye," akaniuliza, "hajanyeshewa?"

Nikamwambia hapana, kukhu, hajanyeshewa hata kidogo.