Fundi Cherehani Aliyebandika Majibu ya Hospitali Ukutani

Saa tatu asubuhi, na Fundi Pindo tayari amemaliza kazi ya leo: kutia kiraka suruali moja ya shule. Anainama kukata uzi kwa meno, anasita, kisha anatafuta mkasi.

"Hata nikiwa peke yangu siumi uzi tena," anasema, akijiziba mdomo kwa kitambaa. "Nimezoea kuogopwa."

Ndani ya mdomo wake wa juu kuna uvimbe ulioanza kama punje ya mtama miaka miwili iliyopita. Sasa ni mkubwa kama harage, na umeuvuta mdomo upande.

Mwanzoni wateja walimtania. "Fundi, leo nyuki kakubusu?" Naye akiwajibu, "Msimtaje, shemeji yenu ana wivu!"

Kisha hospitali ikakata kipande na kukipima. Ni uvimbe wa misuli laini, ile ya kuta za mishipa ya damu. Ni nadra kutokea mdomoni. Si saratani, hauambukizi, na upasuaji unauondoa.

Kwa furaha alitoa nakala ya majibu, akaibandika juu ya mashine ili kila mtu asome.

Walisoma neno moja tu: uvimbe.

"Mama mmoja, mteja wangu wa miaka kumi na moja, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Nikamwambia, mama, soma mpaka chini. Akasema, 'Nimesoma, mwanangu. Lakini nguo yenyewe ni ya mtoto mchanga.'"

Alikuwa akishona nguo kumi na nne kwa wiki. Wiki iliyopita alishona mbili.

Aliyeibandua karatasi ni mfuma sweta wanayepanga naye chumba hiki cha kazi. "Nilimwambia, mwenzangu, umejitangaza mwenyewe! Akaninunia siku tatu." Anashusha sauti. "Ila na mimi nilishaanza kuja na kikombe changu."

Baada ya kusubiri miezi minne, Fundi Pindo atapasuliwa Jumatatu. Daktari amemwonya kwamba mdomo unaweza kubaki na ganzi.

"Pini zote nazishikia midomoni," anasema. "Nisipozihisi, si nitazimeza?" Siku hizi anajizoeza kuzichomeka kwenye kimto kidogo alichojifunga mkononi. Bado zinamdondoka.

Anatamani nini akipona? Anacheka, kisha machozi yanamlengalenga.

"Kugombezwa. Mteja asimame pale mlangoni, mikono kiunoni, aseme, 'We fundi, uliniambia Ijumaa, leo Jumatano, nguo yangu iko wapi?' Na mimi nimdanganye, 'Imebaki vifungo tu, dada yangu.'"