Mashine Iliyokula Khanga ya Mama Mkwe

Uvumilivu wangu uliniishia pale bombani, nikisubiri maji, wala si siku ile ya aibu yenyewe, maana siku ile nilicheka na wenzangu (ningefanya nini, titi liko nje na mama mkwe anaburutwa), wala si zile siku zilizofuata ambapo wanawake wa bairro yetu, mtaa mzima, walikuwa wakiniona tu wanashika khanga zao kiunoni kwa mikono miwili. Uliniishia pale muuza samaki mmoja, mtu mzima na heshima zake, aliponiambia kwa upole kabisa, "Shemeji, mwambie Abudo ile mashine yake aitie breki."

Mashine yake? Basi nawasimulia mwenyewe, mjue aibu ni ya nani.

Abudo ni mume wangu, mpishi kwenye kambi ya gesi kule Afungi, anarudi nyumbani akipewa ruhusa, na bisibisi hajui inashikwa upande gani. Mimi ndiye ninayepiga video za harusi kwa telefoni, na video zangu zilikuwa zinatetemeka kama zimepigwa na mwenye homa, maana namfuata bibi harusi kwa miguu na mtoto yuko mgongoni. Nikatafuta mota ya kupangusia kioo kutoka kwenye gari bovu, bateria ya pikipiki, ubao, na magurudumu ya kigari cha mtoto, telefoni nikaifunga juu kwa mpira wa baiskeli. Ikawa inakwenda polepole, laini, kama inateleza juu ya mafuta. Swichi niliweka ya kengele ya mlango, yenye waya mrefu: ukibonyeza inakwenda, ukiachia inasimama. (Nimesoma fizikia sekundaria, sikubahatisha.)

Harusi ilikuwa ya binti wa jirani. Mama yake alishazungumza na kijana mmoja mwenye kamera kubwa, lakini mama mkwe wangu akaenda kunisemea, akamwambia huyu wangu ni mwanamke, ataingia mpaka ndani, na kazi yake safi. Kwa hiyo nikiharibu mimi, ameharibu na yeye, na harusi nyingine sipati.

Bibi harusi akatolewa chumbani, mashine ikatangulia mbele yake, telefoni imemwelekea usoni, mambo mazuri mpaka mwenyewe nikajisikia. Ndipo mtoto akaanza kulia, anaota meno, hataki mgongo, anataka titi. Nikafanya kitu kidogo tu: nikaifunga ile swichi kwa kipande cha mpira ibaki imebonyea, nikakaa barazani kunyonyesha, mashine ijiendee.

Nyumbani nilikuwa nimeijaribu juu ya saruji tupu. Na mimi mwenyewe niliolewa kwa kutandikiwa khanga, nikazikanyaga, sasa sijui akili ilikuwa wapi, kwamba bibi harusi akitoka wanawake watamtandikia njia nzima. Wakaanza kutandika. Mashine ikaichukua khanga ya kwanza ikaizungushia kwenye chuma cha magurudumu, ikachukua ya pili, na mota ile haina mbio lakini ina nguvu, haikusimama. Mama mkwe, aliyekuwa na furaha kupita wote, akainama kutandika ya kwake, na pembe ya ile aliyojifunga kiunoni ikaingia.

Mwanzo alidhani anavutwa na mwenzake, akamwambia amwache. Halafu akaanza kwenda, anashikilia kiuno, anaifuata mashine kama mtu anayevutwa na mbuzi wake. Bibi harusi, anayetakiwa kuinamisha macho, alicheka mpaka kope za bandia zikabanduka. Mimi nafungua ule mpira, vidole vina jasho, haufunguki, nikakimbia na mtoto hajaachia titi (meno yapo, naomba mjue), nikachomoa waya kwenye bateria. Nikakuta khanga imeshakwenda yote. Ndani alikuwa na gauni, alhamdulillahi. Mama mkwe akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, kama uliipenda, si ungeniomba?"

Watu wakakaa chini kwa kucheka.

Video yenyewe mama wa bibi harusi aliitazama, akarudia kuitazama. Binti yake anakuja kama amebebwa, hata kichwa hakitikisiki, mpaka maua ya khanga yanapofunika kila kitu. Akaniambia harusi ya mdogo wake bibi harusi nitapiga mimi, ila khanga zitandikwe nikishamaliza. Moyo wangu ukatulia.

Lakini wifi yangu Muanacha alikuwa pembeni na telefoni yake, naye akapiga video ya mama anavyoburutwa, na pilau haijaiva akaisambaza akiandika: *Mashine ya kaka yangu imekula khanga ya mama.* Ikafika kijiji cha Olumbi, ikafika Afungi jikoni, Abudo akanipigia kwamba wenzake sasa wanamwita injinia. Sikumsikia akisema kwamba aliwakatalia.

Kwa hiyo ndoo niliiacha palepale bombani, nikaenda kwa sekretario wa bairro, kiongozi wetu wa mtaa. Akaniambia mambo ya wifi humalizwa nyumbani. Nikamwambia kucheka wacheke, hata mimi nacheka, na swichi sifungi tena maisha yangu, ila aandike. Akaandika nilivyomtajia:

"Mimi Sumaia, mkazi wa bairro hii, namlalamikia wifi yangu Muanacha. Mashine iliyokula khanga ya mama yake si ya kaka yake. Nimeiunda mimi, na swichi nimeifunga mimi. Video sitaki ifutwe. Nataka iandikwe jina langu."