Maiti Ambaye Hakuwemo Kisimani

Apolinari alipata jina hapa Tandika kwa mdomo wake. Kila Jumapili, watu wakishakula mchana, alikaa kwenye kona ya banda la video la mzee Muhdhar, maiki mkononi, akiwatafsiria filamu za nje papo kwa papo. Lugha nyingi za filamu hizo hakuzijua, wala hilo halikumsumbua. Ngumi ilimwonyesha nani mbaya, bastola ikamwonyesha nani msaliti, na yaliyobaki aliyajaza mwenyewe, hata majambazi wa ughaibuni wakawa wanagombea kiwanja cha Chanika. Watu walicheka, na walimwamini.

Jumapili moja filamu ilichaguliwa na Khulud, binti wa mzee Muhdhar aliyekuwa akisoma chuo kikuu. Alikuwa amemshawishi baba yake kwamba wateja nao waonjeshwe kitu tofauti. Apolinari aliijaribu nyumbani mara mbili, na mara zote mbili usingizi ukamchukua. Ndani yake mzee mmoja amefiwa na mkewe. Anaosha vyombo. Anachota maji kisimani. Anakaa mlangoni. Basi.

"Sasa hapa mie nitasema nini?" alimwuliza Khulud kabla ya kuanza.

"Usiseme kitu, anko Apo. Waache wamtazame."

"Wamtazame anafanya nini?"

"Anaishi."

Apolinari alisonya. Hata yeye anaishi, na hakuna aliyewahi kukata tiketi kuja kumwona.

Filamu ilianza, naye akajitahidi kunyamaza. Haukupita muda mtu akauliza kama imeganda. Mashaka, fundi pikipiki asiyekosa kiti cha mbele, akataka kujua kama mtafsiri leo amefunga hata kusema. Wengine wakaanza kuinuka. Apolinari aliona jina lake likitoka mlangoni pamoja nao. Akaisogeza maiki mdomoni, akanong'ona kwamba mke wa yule mzee hakufa kwa maradhi. Yumo kisimani.

Banda likatulia. Waliosimama wakakaa. Watu waliokuwa wakipiga miayo walimkodolea macho mzee akisugua sufuria, wakayatazama hata majani yaliyotikisika kando ya kisima. Apolinari alitokwa jasho, maana kila alipoongeza neno, mzee alimwumbua: alichota maji, akapika, akanywa, akaenda kuchota tena.

"Jamani, huyu anakunywa supu ya mkewe?" Mashaka aliuliza, na banda likaangua kicheko.

Filamu iliisha mzee akiwa amekaa mlangoni. Hakuna aliyeondoka, walitaka maiti wao. Apolinari alizungusha maneno weee, mwisho akakiri kwamba kisimani hamkuwa na mtu, alichotaka ni wasichoke.

"Kumbe," Mashaka akasema taratibu, "na zile zote za nyuma ulikuwa unatupiga fiksi?"

Hilo ndilo lililomchoma. Banda lilipobaki tupu alimfuata Khulud, akamwambia kwamba filamu zile ni majivuno ya watu walioshiba, wanaotaka kusifiwa kwa kutosema kitu.

"Lakini wameitazama hadi mwisho," Khulud alisema.

"Walikuwa wanamsubiri maiti wangu."

"Na yale majani je? Yale hukuyasemea chochote."

Apolinari akaizima maiki na kutoka, majani yale yakimkera kuliko swali la Mashaka.

Jumapili iliyofuata alirudi kwenye filamu za ngumi. Haikusaidia. Kila alipotaja jina au kueleza kisa, kuna aliyedakia, "Una hakika?" na wenzake wakacheka. Neno lake, lililokuwa likitosha, sasa lilidaiwa ushahidi. Ikafika mahali shujaa amepigwa, ameketi peke yake kitandani, anaitazama mikono yake. Zamani Apolinari angemtungia hotuba ndefu ya kisasi. Safari hii aliogopa kudakwa, akafunga mdomo. Banda zima likanyamaza naye, Mashaka pia, macho yote kwenye mikono ile.

Apolinari akageuka, akamwona Khulud amesimama mlangoni, anatabasamu. Hakutaka binti yule aone kwamba ameshinda. Akaikamata maiki na kuanza kusema haraka haraka, chochote kile.