Siku Nilipokitia Choo Patasi

Nakumbuka Jumatano moja mjini Kisii, miaka ya sabini, nimepiga magoti mbele ya choo, patasi mkononi, meno nimeyakaza. Cheka, mwanangu, nimekupa ruhusa. Ukimaliza kucheka unisikilize, maana choo hicho nusura kimnyime mtu jicho lake.

Nilikuwa mke mchanga wa Nyakundi, karani. Kazini walikuwa wamempa nyumba yenye choo cha ndani, cha kuvuta mnyororo. Mimi niliyekulia Tabaka, choo chetu kikiwa shimo nyuma ya migomba, nilijiona malkia. Kasoro ilikuwa moja tu. Ndani ya bakuli, pale maji yanapotulia, palikuwa na gamba la kahawia, gumu kama lile la ndani ya birika kuukuu. Tulilikuta tulipohamia, tukalizoea.

Ndipo ikaja habari ya baba mkwe wangu, Mzee Omwenga wa Ekerenyo. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa, na la kushoto lilianza kuingia ukungu. Daktari wa mjini alisema atalipasua, lakini baada ya hapo mzee aonwe kila asubuhi kwa muda wa wiki mbili. Kutoka Ekerenyo, kwa barabara zile na jicho bichi, haingewezekana. Ilibidi alale kwetu.

Ninyi wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu sofa moja mkitazama televisheni, kwa hiyo huenda usielewe. Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima inayomtenga mkwe na mkamwana wake. Baba haingii ndani kupita sebule ya mwanawe. Sembuse kukalia choo anachokalia mke wa mwanawe! Mzee alisema waziwazi kwamba ni afadhali apofukie kwake. Nyakundi alimbembeleza mpaka akakubali kwa shingo upande: choo kiwe chake peke yake siku zote hizo, mimi niende kwa jirani. Angefika Jumapili.

"Lakini baba namjua," Nyakundi aliniambia. "Akiingia mle aone kitu cha kumtia aibu, atachukua fimbo yake arudi nyumbani na jicho lake."

Basi gamba lile tulilolizoea likanigeukia adui. Nililitazama nikaona jina langu limeandikwa pale. Nikaapa kwamba choo kile kitakuwa kana kwamba sijawahi kukiingia.

Jumanne nilisugua kwa majivu na gunzi la mahindi. Gamba halikujali. Jumatano nikakumbuka kwamba mimi ni binti wa mchonga mawe. Kwetu Tabaka jiwe hutii patasi. Nimemwona baba yangu akitoa sanamu ya kiboko na bakuli ndani ya jiwe akiwa anapiga mluzi. Na nilikuwa na patasi yake moja, niliyoiiba siku ya kuolewa ili nimkumbuke. Nikaishika nikachonga. Kipande cha kwanza kilibanduka, nikashangilia. Cha pili pia. Mara ya tatu patasi iliteleza, ikala ule mng'ao mweupe wa bakuli, ikaacha mstari urefu wa kidole changu. Jiwe la kwetu ni laini ndani na nje, mwanangu. Bakuli la choo limevaa ngozi nyembamba, na ngozi hiyo ikichubuka haioti tena.

Kesho yake uchafu ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mchubuko, mstari ukawa mweusi. Nikamwagia dawa ya kung'arisha nguo, chupa nzima. Gamba likapauka kidogo tu, likabaki pale pale.

Ijumaa mchana nilikwenda kwa jirani, Mama Moraa, kupanga habari ya kutumia choo chake. Alikuwa mama wa makamo, Mkatoliki, aliyesafisha wodi na vyoo vya hospitali kwa miaka mingi. Aliniona macho mekundu akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza. Alifunga kitambaa kichwani akaja kuona kwa macho yake. Alipouona ule mstari aliguna.

"Ni nani alikufundisha kuosha choo kwa patasi?"

"Nilikuwa na haraka, Mama. Mzee anakuja Jumapili."

"Ulikuwa na aibu. Hukutaka kuosha, ulitaka kuadhibu. Huu si uchafu wa mtu, Bosibori. Haya ni mawe ya maji. Maji yameyaleta tone kwa tone miaka mingi, haba na haba. Kitu kikali chachu ndicho kitayalegeza. Una ndimu?"

Nilimwambia ningekwenda sokoni kununua, lakini jua likizama Sabato ingekuwa imeingia, na mimi Msabato sishiki kazi mpaka Jumamosi jioni. Nikaanza kulia tena. Mama Moraa alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwani nani amekwambia ufanye kazi? Wewe nenda kanisani. Ndimu hazijabatizwa."

Nilikimbia sokoni, nikarudi na kikapu. Kwanza alinivutisha mnyororo mara nyingi na kufungua dirisha, mpaka harufu ya ile dawa ikaisha kabisa. Alinishika mkono nilipotaka kuharakisha. Dawa ile na uchachu havikutani, aliniambia, hewa yake hukaba koo. Kisha akanipa kopo nichote maji yote ya bakulini. Nilisita.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Inama!"

Nikainama. Nilichota, nikakausha kwa tambara, tukakamua ndimu zote pamoja na siki kidogo aliyoleta. Tukalowesha vitambaa, tukavilaza juu ya gamba vikaligusa kila mahali. Jua lilikuwa halijazama nilipofunga mlango wa choo, Mama Moraa ameniagiza nisiufungue mpaka Jumapili alfajiri.

Sabato ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Tulikwenda kwa Mama Moraa kila haja ilipotubana, Nyakundi akinung'unika njiani. Kanisani niliimba huku moyo ukiwa chooni, Mungu anisamehe. Mara mbili nilikwenda kusimama mbele ya ule mlango, na mara zote mbili niliondoka bila kuufungua.

Jumapili alfajiri niliondoa vitambaa. Gamba lilikuwa limelainika likawa kama tope la mfinyanzi. Nikalisukuma kwa kijiti cha mti na brashi, likaondoka vipande vipande. Palipokaidi niliweka ndimu tena nikangoja. Kufikia saa nne bakuli lilikuwa jeupe, nami mgongo ulikuwa hauninyooki. Ule mstari wa patasi tu ndio ulibaki.

Mzee Omwenga alifika, akaingia mle, choo bado kikinukia ndimu, nami nikiwa jikoni nimeshika moyo. Alikaa sana. Alipotoka alimwomba Nyakundi maji ya kunawa, na fimbo yake akaitundika ukutani. Niliposikia imetundikwa nililia kwa furaha.

Alipasuliwa jicho, akaona. Wiki mbili zile Nyakundi ndiye aliyeosha choo kila siku, na akaniapisha nisiwaambie wenzake wa ofisini. Hakuna aliyetaja choo mbele ya mzee, wala mzee hakukitaja, ingekuwa mwiko. Lakini miezi michache baadaye alikuja kututembelea, akasimama mlangoni, akamkabidhi mwanawe mfuko mzito. "Mpe mama wa nyumba," akasema, akitazama pembeni kama ilivyo desturi. Ulikuwa umejaa ndimu. Mpaka alipofariki hakuwahi kuja kwetu bila ndimu. Hakusema ni za nini, nami sikuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, nikikuona umeshika kisu ukikwangua choo cha nyumba yako mpya, usishangae nikikunyang'anya. Lijue doa kabla hujalipiga. Kilicholetwa na maji polepole, kiondoe polepole. Weka uchachu, ondoka, rudi. Usichanganye dawa. Na aibu isikushikishe patasi, si chooni tu, hata kwa mume na watoto, maana mkwaruzo hubaki baada ya doa kutoka.

Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo unaojua kungoja. Nyumba yako ipokee wageni wako bila hofu, na wazee wako watundike fimbo zao ukutani.